Bendera ya loji kwa mafundi wa Kampala: chapa, mashine au mkono?

Anayetaka bendera ya loji, yaani tawi la chama cha Frimasoni, akiwa Kampala ana njia tatu. Anaweza kuteremka Nasser Road, mtaa wa wachapaji, akachapisha picha juu ya kitambaa. Anaweza kwenda kwa mafundi wa darizi za mashine, walewale wanaoshona beji za sare za shule na bendera za akina mama wa kanisa. Au anaweza kuagiza kazi ya mkono ya uzi wa dhahabu kutoka nje, hasa Sialkot huko Pakistan, mji unaotengeneza beji na mavazi ya loji kwa wingi na kuyauza duniani kote.

Tumezipima njia zote tatu kwa kitu kimoja: bendera ya kusimama ndani ya chumba cha loji, upana sentimita 90, urefu 120, yenye jina la loji, namba yake, mwaka iliowekwa wakfu na nembo katikati. Hukumu tunaitoa mapema. Darizi ya mashine ya hapahapa ndiyo tunayoipendekeza, kwa masharti mawili: nembo idariziwe pembeni kisha ipachikwe, na mteja aje na mchoro uliokwisha kukaguliwa na watu wa loji. Mafundi wa Kampala sindano wanaijua. Kinachowaponyoka ni alama, kwa kuwa kila alama ya Frimasoni ina namna yake ya kukaa, na ikikaa vingine inasema neno jingine.

Umbo la bendera yenyewe si la Frimasoni peke yao. Kitambaa kinachoning'inia kwenye mti wa kukingama, chenye matamvua chini na vishada pembeni, ndicho walichobeba vyama vya wafanyakazi na vyama vya kusaidiana nchini Uingereza katika karne ya 19. George Tutill alianza biashara yake mwaka 1837 na akawa mtengenezaji mkubwa wa bendera hizo. Mwaka 1861 alipata hataza ya kupaka hariri utomvu wa mpira ili rangi isipasuke bendera inapokunjwa. Tatizo alilolishughulikia ndilo lililopo mpaka leo kwa bendera za kuchapisha za bei rahisi: hupasuka kwenye mkunjo.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mashine nyingi za darizi za kibiashara zina uwanja wa kushonea wa takriban sentimita 40 kwa 45, kwa hiyo bendera yetu haiingii nzima kwenye fremu. Fundi mwenye haraka atakushauri ahamishe fremu mara nne au tano juu ya kitambaa kilekile. Usikubali. Kila fremu inapokazwa upya kitambaa huvutika kidogo tofauti, na duara linalounganishwa kwa fremu mbili likikosana milimita moja tu, jicho linaona. Satini nayo hubaki na alama ya fremu ambayo pasi haiitoi. Njia iliyo salama ni kudarizi nembo juu ya kipande cha kanvasi au felti, kuikata ukingoni, kisha kuipachika kwenye bendera kwa mshono mwembamba wa kuzunguka. Nembo ikiharibika umepoteza kipande cha kanvasi, bendera nzima haijaguswa. Pia inakaa imeinuka kidogo juu ya kitambaa, na taa za chumba zikiwaka huonekana vizuri zaidi kuliko darizi iliyozama.

Kitambaa cha mbele kikatwe sentimita 100 kwa 135: sentimita 5 za ziada kila upande na chini, na 10 juu kwa ajili ya nefa ya kupitisha mti. Kwenye jora la upana wa sentimita 150 hiyo ni mita moja na sentimita 35. Bitana kiasi hichohicho. Kitambaa cha kukaza kinachokaa kati yake kikatwe 90 kwa 120 kamili bila ziada, maana ndicho kinachoamua ukingo unanyooka au la. Kosa tunaloliona kila mara ni bitana iliyokazwa. Bitana ya pamba hunywa unyevu na kusinyaa misimu ya mvua ikifika, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, halafu inavuta kitambaa cha mbele mpaka pembe za chini zinajikunja kwa nyuma. Dawa yake ni kuilowesha na kuipiga pasi bitana kabla ya kuikata, na kuishona chini kwa mkono ikiwa imelegea nusu sentimita.

Sasa skwea, kile kipimo cha mwashi cha pembe mraba. Hiki ndicho kipande ambacho tunamtaka fundi akae nacho muda mrefu kuliko vingine vyote.

Skwea kwenye bendera ya loji inasimamia unyofu wa mwenendo, na ndiyo alama ya Mkuu wa loji. Pembe yake ni nyuzi 90, basi. Lakini darizi ya mashine ina tabia ya kuvuta kitambaa kufuata upande uzi unakolala. Mkono mmoja wa skwea ukijazwa kwa mshono wa kulala na mwingine kwa mshono wa kusimama, kila mmoja unavutwa kivyake, na pembe inafunguka au kufunga. Mkono wenye urefu wa sentimita 20 ukikosea nyuzi 2, ncha yake inahama milimita 7. Ukiwa mbali hutasema ni nini, ila utahisi nembo imelala upande. Na kwa mtu wa loji hilo ni zito kuliko uzi uliokatika, kwa sababu chombo cha kupimia unyofu chenyewe si kinyofu.

Marekebisho yako kwenye faili ya mashine, na fundi hodari anayafanya kwa dakika chache. Mishono ya mikono yote miwili iwekwe kwa mshazari wa nyuzi 45 kutoka kwenye kona, ili mvuto uwe sawa pande zote. Ziada ya upana kwa ajili ya mvuto iwe milimita 0.3 hadi 0.4. Chini ya mshono wa juu upite kwanza mshono wa kutandika. Nyuma ziwekwe karatasi mbili za kukaza za aina inayokatwa kwa mkasi; ile inayochanika kwa mkono haifai kwa kazi nzito. Nafasi kati ya mstari na mstari wa uzi wa kawaida namba 40 iwe milimita 0.4. Wapo wanaoishusha mpaka 0.3 ili darizi ionekane imeshiba, na matokeo yake sindano inatoboa kitambaa tundu kwa tundu hadi kinakatika ukingoni mwa nembo. Kisha ishonwe sampuli, kwenye kitambaa kilekile, na pembe ipimwe kwa kipimo cha mwanafunzi cha pembetatu. Fundi akikuambia sampuli haina haja, tafuta mwingine.

Jambo la pili ni bikari, chombo cha kuchorea duara, inayokaa juu ya skwea. Ndani ya loji, nafasi ya ncha za bikari hueleza daraja: katika daraja la kwanza ncha zote mbili ziko chini ya skwea, la pili moja iko juu, la tatu zote mbili ziko juu. Nembo ya bendera kwa kawaida huchorwa kwa namna ya daraja la tatu, bikari ikiwa juu yote. Programu za darizi zina kitufe cha kupanga mishono kwa rangi ili mashine isibadilishe uzi mara nyingi. Ikiwa bikari na herufi zote ni za dhahabu na skwea ni ya fedha, programu inashona dhahabu yote kwanza, halafu skwea inakuja kulala juu ya bikari. Loji imepata bendera inayomweka kila mshiriki wake kwenye daraja la mwanafunzi! Mwambie fundi wazi kabla hajaanza: fedha kwanza, dhahabu baadaye, na upangaji wa rangi uzimwe.

Herufi G katikati ni jambo la tatu, na hili linatokana na picha za intaneti. Picha nyingi zinazotangulia kuonekana ni za Marekani, ambako G ndani ya skwea na bikari ni jambo la kawaida. Loji za Uganda zilizo chini ya Loji Kuu ya Muungano ya Uingereza, ambazo zimo katika Wilaya moja ya Afrika Mashariki pamoja na za Kenya na Tanzania, kwa desturi haziiweki humo. Bendera yenye G itashonwa vizuri, italipiwa, na siku ya kuifunua kila mgeni mzoefu atajua picha ilitoka wapi.

Vyombo vingine vina mitego midogo. Pima maji ya Mlinzi Mkuu, kiongozi wa pili wa loji baada ya Mkuu, si ile ya kisasa yenye kichupa cha maji. Ni ya kale, fremu yenye umbo la A na uzi wenye risasi ukining'inia katikati, na maana yake ni usawa wa watu. Timazi ya Mlinzi Mdogo, kiongozi wa tatu, ni ubao mwembamba wima wenye uzi wake. Fundi asiyeambiwa huzichanganya, na si kosa lake. Kwenye beji ya Mkuu aliyestaafu, ambayo loji nyingine huipenda kwenye bendera, kuna mchoro wa miraba mitatu inayozunguka pembetatu. Hiyo ni kanuni ya 47 ya Euclid, mwanahisabati wa kale, ileile ya 3, 4 na 5 ambayo mafundi ujenzi wa Uganda huitumia kila siku kunyoosha kona ya msingi. Miraba ikichorwa yote sawa, kanuni imekufa. Iwe kwa uwiano: kama mraba mdogo una upande wa sentimita 3, wa kati uwe 4 na mkubwa 5.

Nguzo mbili za hekalu la Sulemani nazo zina kulia na kushoto kwake. 1 Wafalme 7:21 inasema ya kuume ni Yakini na ya kushoto ni Boazi, ila mtazamaji anayesimama nje akiangalia mlango anaziona kinyume na anayetoka ndani. Loji ndiyo iseme inafuata mtazamo upi, na jibu liandikwe kwenye mchoro. Usimwachie fundi kubahatisha, na mwombe ahakikishe faili haikugeuzwa kama kwenye kioo, kosa linalotokea zaidi pale nembo haina maandishi ya kulifichua.

Kuhusu jicho ndani ya pembetatu, linalomaanisha Mungu aonaye yote, tatizo si la mshono tu. Maneno mengi ya mtaani kuhusu Frimasoni, utajiri wa ghafla na kafara, yanaanzia kwenye jicho hilo, na wapo mafundi wanaokataa kazi wakiliona. Mtu asilazimishwe. Lakini ni haki ya fundi kuelezwa anachoshona: skwea, bikari, timazi na mwiko ni vyombo vya mwashi, na wanyama na nguzo vimetoka kwenye Biblia anayoijua. Kwa upande wa ushonaji, mboni ya jicho na kope zisiwe na mstari mwembamba kuliko milimita 1, la sivyo uzi unajikusanya na jicho linakuwa doa.

Kama loji inataka ngao ya Loji Kuu, kazi ni ya kiwango kingine. Loji Kuu mbili zilizoshindana Uingereza ziliungana tarehe 27 Desemba 1813, na ngao ya leo inabeba zote mbili. Nusu moja ina uwanja mwekundu wenye ngome tatu na bikari, urithi wa chama cha waashi wa London. Nusu ya pili imegawanyika robo nne, simba, ng'ombe, mtu na tai. Pembeni wanasimama makerubi wawili, na juu lipo sanduku la Agano. Katika ngao, upande wa kulia ni wa aliyeishika, kwa hiyo ngome ziko kushoto kwa mtazamaji. Mchoro wenye vipande hivi vyote haufai kudariziwa chini ya sentimita 30 za upana, maana simba mwenye urefu wa sentimita 2 hawezi kuwa na uso.

Simba, ng'ombe, mtu na tai ndio wanaotupeleka kwenye bendera zenye maana nzito kuliko zote, za Tao la Kifalme, tawi la Frimasoni linaloambatana na loji za kawaida. Hapa si bendera moja bali seti. Msingi wake ni Hesabu 2, ambapo kila kabila la Israeli linapiga kambi penye bendera yake kuizunguka hema: mashariki Yuda pamoja na Isakari na Zabuloni, kusini Reubeni, Simeoni na Gadi, magharibi Efraimu, Manase na Benyamini, kaskazini Dani, Asheri na Naftali. Viongozi wanne wa kambi wana alama nne, Yuda simba, Reubeni mtu, Efraimu ng'ombe na Dani tai, na ndizo nyuso nne za viumbe wa Ezekieli 1:10. Alama nyingi za makabila zimechukuliwa kwenye baraka za Yakobo, Mwanzo 49: Isakari punda, Zabuloni merikebu, Benyamini mbwa-mwitu, Naftali paa, na Dani katika sura hiyo ni nyoka aumaye visigino vya farasi. Ndiyo sababu Dani anaweza kuwa na tai kwenye bendera kubwa na nyoka na farasi kwenye ndogo. Fundi akidhani ni makosa na "kusahihisha", seti imevurugika.

Seti ya makabila 12 ikatwe siku moja kutoka majora ya rangi iliyopikwa pamoja, na uzi ununuliwe wote kwa mkupuo mmoja. Ukirudi dukani baada ya mwezi kununua nyekundu ileile utapewa nyekundu nyingine. Na ile alama ya T tatu zilizoungana, ambayo ni ya Tao la Kifalme peke yake, ichorwe kama umbo moja. Tumeona ikiandikwa kwa herufi ya kompyuta, T juu ya H, yenye vijimkia vya maandishi, na hapo si alama tena.

Rangi ni jambo la kuamua kabla ya kitambaa. Loji za kawaida za Katiba ya Uingereza, yaani zilizo chini ya Loji Kuu ya huko, hutumia buluu ya anga, viongozi wa Wilaya na Loji Kuu hutumia buluu iliyokoza, Tao la Kifalme huunganisha nyekundu na buluu, na loji za Katiba ya Uskoti hujichagulia rangi zao. Buluu ya anga ikiwa imefifia sana, uzi wa fedha juu yake hausomeki. Waliowekeza kwenye uzi wa poliesta wamefanya vizuri kuliko wale wa rayoni. Rayoni inang'aa zaidi dukani lakini jua la dirishani linaifubaza.

Mahameli ni nzuri mno kwa bendera na mafundi wengi wanaiogopa bila sababu. Isibanwe kwenye fremu, maana manyoya yaliyolala hayainuki tena. Fremu ikaze karatasi yenye gundi peke yake, kisha mahameli ilazwe juu yake, na juu ya mahameli litandazwe tabaka jembamba la plastiki linaloyeyuka kwa maji ili mishono isizame. Vipande vyote vikatwe manyoya yakielekea upande mmoja, la sivyo bendera itakuwa na buluu mbili. Pasi ipitishwe kwa nyuma tu, juu ya taulo.

Maandishi. Ili yasomeke kutoka mita 6, herufi ziwe na urefu wa sentimita 5. Herufi ya ukubwa huo ina mkono wa karibu milimita 8, na mshono wa satini, ule unaovuka upande hadi upande kwa mruko mmoja, ukizidi milimita 7 unanasa kwenye kila pete na kifungo. Upasuliwe katikati. Mwaka na namba ya loji visomwe na watu wawili tofauti kutoka kwenye hati ya loji, wala si kutoka kwenye kumbukumbu ya katibu.

Uzi wa metali unahitaji sindano yake, namba 90 yenye tundu refu, mkazo uliolegezwa na mwendo wa mishono 500 hadi 600 kwa dakika. Fundi akiuendesha kwa mwendo wa uzi wa kawaida utakatika kila baada ya dakika chache, na atakuambia uzi ni mbovu.

Sasa Nasser Road. Kwa haraka hakuna wa kuwashinda. Chapa ya joto, inayopelekwa kwenye kitambaa cha poliesta kwa joto la karibu nyuzi 200 kwa muda usiozidi dakika moja, inaingia ndani ya uzi na haipasuki. Faili iwe ya mistari, au kama ni picha iwe na pikseli zisizopungua 5,315 kwa 7,087 kwa ukubwa wetu. Ila wino hauna dhahabu. Unachopata ni rangi ya haradali au kahawia, na buluu iliyokoza mara nyingi inageuka zambarau. Bango la plastiki ndilo tusilolishauri kabisa ndani ya loji, linang'aa chini ya taa na linavunjika kwenye mkunjo wa kwanza. Hata hivyo Nasser Road ina nafasi yake katika kazi hii, na ni nafasi muhimu: chapisha mchoro mzima kwa ukubwa kamili kwenye kitambaa rahisi, utundike ndani ya chumba cha loji, waache washiriki wauangalie kikao kimoja. Makosa ya nguzo, G, namba na mwaka yatagunduliwa hapo kwa gharama ndogo kuliko ya sampuli moja ya darizi.

Kazi ya mkono ya Sialkot ni nzuri kweli. Uzi wa dhahabu uliosokotwa kama springi hukatwa vipande vifupi na kushonwa kimoja kimoja juu ya felti, nembo ikainuka milimita 3 hadi 5, na mashine haiwezi kuiga hilo. Uliza metali yenyewe. Ipo ya fedha iliyopakwa dhahabu, ipo ya shaba iliyopakwa, na ipo ya plastiki yenye mng'ao. Ya shaba hugeuka rangi kwa unyevu, na chumba kinachofungwa mwezi mzima karibu na Ziwa Victoria kina unyevu wa kutosha. Udhaifu mkubwa wa njia hii ni umbali, kwani sampuli huioni kwa mkono wako na kosa la herufi likigunduliwa bendera imeshafika. Dai picha ya nembo ikiwa bado kwenye fremu ya mbao, kabla haijapachikwa, na hesabu ushuru wa forodha kwenye bajeti tangu mwanzo. Kwa loji changa, pesa hizo ni afadhali zishone bendera ya mashine pamoja na mti wake mzuri.

Tunapenda sana wazo la kutia lubugo kwenye bendera ya loji ya Uganda. Kitambaa hiki cha Waganda kinachopigwa kutoka gome la mutuba kilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008, na rangi yake ya udongo inakaa vizuri ajabu kando ya buluu. Lakini hakina nyuzi zilizofumwa, kwa hiyo darizi nzito inakitoboa na kukichana. Kitumike kama kipande cha kupachika, kikiwa kimegundishwa juu ya pamba, kishonwe ukingoni kwa mishono mirefu ya milimita 4, na nembo iliyodariziwa kwenye kanvasi ipachikwe juu yake. Nembo ya taifa ni habari nyingine. Inalindwa na sheria, na loji isiitie kwenye bendera bila kupata ruhusa.

Mti uwe wa mvule au mbao nyingine ngumu iliyokauka vizuri, kwani mti mbichi wa kukingama hupinda na bendera inalegea katikati. Wa kukingama uzidi bendera sentimita 5 kila upande. Nefa ni bora kuliko vitanzi kwa sababu inagawa uzito. Kama mnataka vitanzi kwa uzuri wake, viwe kila baada ya sentimita 10 hadi 12, la sivyo ukingo wa juu utafanya mawimbi. Matamvua ya sentimita 5 yanatosha. Kwa chini na pande zote mbili ni sentimita 330. Nunua mita 3.6, maana kwenye kona yanakunjwa na mwanzo wake hufumuka. Chini ikiwa na ncha ya sentimita 20, ongeza sentimita 10 nyingine. Kishada kinachouzwa kwa mapazia ni chepesi mno, hupeperuka kwa feni.

Bei ya darizi huhesabiwa kwa kila mishono elfu, pamoja na ada ya mara moja ya kutengeneza faili. Omba kupewa faili yenyewe baada ya kuilipia. Mafundi wengine hubaki nayo na kukutoza tena mnapotaka beji za nembo ileile.

Wakati wa kupokea, itundikeni bendera kwenye mti wake hapohapo kwa fundi. Pimeni skwea kwa kipimo. Tazameni ncha za bikari zote mbili ziko juu. Pitisheni kiganja nyuma ya nembo: ikiwa ngumu mno na kingo zinajikunja, mishono imebanana, na kazi irudi kwa fundi. Vuteni matamvua kidogo kwa vidole. Nyumbani kwake bendera isikunjwe. Izungushwe kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 10, darizi ikiwa nje, ikifunikwa kwa amerikani iliyofuliwa bila rangi. Isitiwe kwenye mfuko wa plastiki, isiguswe na gazeti, na uzi wa metali usishikwe kwa mkono mtupu, maana jasho ndilo linaloanza kuutia weusi.